Dakika 45 nje ya lindo: kisa cha filamu yetu ya mlinzi wa ghorofa, Mbeya

Usiku wa sita wa kushuti, gari la mpangaji mmoja lilinyofolewa vioo vyote viwili vya pembeni. Lilikuwa limeegeshwa ndani ya uzio wa jengo tulilokuwa tukifanyia kazi, Forest, hapa Mbeya. Mlinzi wa jengo hakuwa kibandani kwake. Alikuwa amesimama mbele ya kamera yetu, na tuliomwita ni sisi. Kulipokucha akaambiwa hasara ni yake: shilingi 360,000, atakatwa 90,000 kila mwezi kwa miezi minne. Mshahara wake ulikuwa 180,000.

Filamu tuliyokuwa tukiitengeneza ilihusu mlinzi wa ghorofa anayebebeshwa hasara isiyo yake.

Mimi ndiye nilikuwa prodyuza. Nimelikalia jambo hili kwa muda, na sasa naliandika lote kwa ajili ya wenzangu wanaoshuti kwa bajeti ndogo Mbeya, Iringa, Njombe na Songea. Kazi zetu zinafanana. Studio hatuna, tunaomba majengo ya watu, tunafanya kazi watu wakiwa wamelala, na kila mlango tunaoingia tunamkuta mtu aliyeajiriwa kuulinda. Mtu huyo hayumo kwenye bajeti zetu.

Bajeti yenyewe ilikuwa shilingi milioni 7 kwa filamu ya dakika 80 hivi. Usiku kumi, watu tisa, kamera ya kukodi kwa siku, taa mbili, kinasa sauti kimoja. Jengo ni la ghorofa nne, nyumba kumi na mbili, geti jeusi la chuma la kusukuma kwa magurudumu, na kibanda cha mlinzi cha tofali kilichoezekwa bati. Mwenye jengo haishi Mbeya. Msimamizi wake alitupa eneo bure, kitu ambacho kwa bajeti ile kilikuwa neema kubwa, na mbele yetu akamwambia mlinzi: "Hawa wasaidie kwa chochote watakachohitaji." Sentensi hiyo ishikeni, nitairudia.

Makaratasi tulikuwa nayo. Kibali cha Bodi ya Filamu kilikuwepo, kama inavyotaka Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Ofisi ya kata ilikuwa na barua yetu, mwenyekiti wa mtaa alijua tupo. Mtu pekee ambaye hatukuandikiana naye chochote ni mzee wa getini. Tulimpa shikamoo, tukampa chai, tukaona tumemaliza.

Mzee ni mtu wa Rungwe, makamo ya baba zetu. Anaingia lindo saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, siku sita kwa wiki. Ana koti refu la mtumba, kofia ya sufu, tochi, rungu, jiko la mkaa na daftari. Daftari hilo nililipita usiku mara tano bila kulitazama.

Usiku ule

Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Julai usiku baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Anayetoka Dar es Salaam kuja kushuti hulifahamu hilo kwa upande wa nguo, akasahau upande wa betri. Betri za kamera haziipendi baridi. Zile ambazo mchana zinakaa saa mbili, usiku wa manane zinazima kabla ya kutimiza saa moja na nusu. Kufikia usiku wa nne tulishachoka kubadilisha betri, tukaamua kuvuta waya wa umeme kutoka kwenye soketi ya kibanda cha mlinzi hadi nje, barabarani, ilipokaa kamera. Waya ulipita getini. Geti likawa halifungi. Lilibaki wazi kwa upana wa mtu kupita kiubavu.

Usiku ule tulikuwa na haraka, na haraka yenyewe tulijitakia. Ratiba iliandikwa na mtu wa Dar, sini za alfajiri akaziweka saa 12 na robo. Mbeya iko magharibi zaidi, jua lake linachelewa kuliko la Dar kwa zaidi ya dakika ishirini, na katikati ya Julai linachomoza karibu na saa 1 asubuhi. Asubuhi mbili tulikaa gizani na waigizaji wanatetemeka, mwanga ulipofika, madereva wa bajaji na daladala wakawa wameshaanza kazi, sauti zimeharibika. Sini nne zikawa deni la usiku uliofuata.

Halafu taa. Maegesho ya jengo yana taa tatu za ukutani za bei nafuu. Kameramani alipowasha kamera akaona kwenye skrini mistari myeusi inapanda na kushuka. Akasema taa hizi mbovu, zizimwe. Nikamwomba mzee azizime, akazizima. Baadaye, mezani kwa mhariri, ndipo tulipojua tatizo lilikuwa nini. Kamera ya kukodi mchana ule ilikuwa harusini Mwanjelwa, na ilirudi imewekwa fremu (picha) 30 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, ya sekunde 1/60. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa za namna ile zinafifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/60 inagongana na mapigo hayo, mistari inatokea. Ukiweka fremu 25 na shata ya 1/50, mistari inatoweka na taa zinabaki zinawaka. Ni vibonyezo viwili.

Saa 7 na nusu usiku mwigizaji wetu mkuu alikuwa amejifunika blanketi ndani ya Noah, mafua yamembana, na tulitaka apumzike kwa sababu sini iliyofuata ilikuwa nzito. Kameramani akahitaji mtu wa kimo kile, mwenye koti lile, asimame kwenye alama ili apange taa. Koti la mwigizaji tulikuwa tumelinunua sokoni tukilifananisha na la mzee. Kwa hiyo jibu lilikuwa mbele yetu, linaota moto kwenye jiko la mkaa.

Nilimwendea mwenyewe. "Mzee, tusaidie dakika mbili tu."

Akatazama geti. "Na hapa?"

"Hapa tunapaona sisi."

Hatukuwa tunapaona. Watu wote tisa tulikuwa tumeupa mgongo uzio, tunamtazama yeye kwenye mwanga. Dakika mbili zikawa 45. Mara taa isogezwe, mara alama ibadilishwe, mara lenzi ibadilishwe. Alisimama kimya, mikono mfukoni, akigeuza shingo kuelekea getini, na kila akigeuka kameramani anamwomba atazame mbele.

Hebu lipangeni wenyewe. Jengo lile lilikuwa na kinga tatu: geti, taa na mtu. Geti tulilizuia kwa waya, taa tukazizima, mtu tukamtoa, na kila kimoja kwa sababu iliyoonekana ya kawaida kabisa wakati ule. Hakuna aliyekaa akaziweka sababu tatu pamoja. Kuziweka pamoja ilikuwa kazi yangu, ndiyo kazi ya prodyuza.

Bahasha na barua

Saa 12 na nusu asubuhi mpangaji alishuka, akaliona gari lake. Msimamizi akaja, akauliza swali moja, "Nani alikuwa zamu?" Mzee akaanza kueleza, akakatizwa. Sisi tulikuwa tunafunga vifaa. Nilisikia. Nilijiambia nitalimaliza kwa utaratibu.

Utaratibu wangu ulikuwa bahasha. Tulichangishana laki moja, jioni nikampelekea kibandani. Hakuipokea.

"Mwanangu, ndaga," akasema, yaani asante kwa Kinyakyusa, "lakini hela nitaila, itaisha. Mimi nataka barua. Uandike mliniita saa ngapi, na nani aliniita."

Nikamwambia nimeelewa. Kweli nilielewa. Mlinzi ambaye ameondoka kazini kwa aibu ya wizi hapati lindo jingine kwa urahisi. Kazi hii inapatikana kwa kuulizana, msimamizi wa hapa anampigia wa kule, na neno "usiku ule hakuwepo" linamtangulia mtu hadi Uyole, hadi Tukuyu. Laki moja haifuti neno hilo.

Hata hivyo barua sikuiandika siku ile. Zilibaki usiku nne. Msimamizi akijua kwamba mlinzi wake alitolewa lindoni na sisi, angetufukuza, na filamu ingefia pale na milioni 5 zikiwa zimeshatumika. Nikajiambia siku nne si nyingi. Kwa usiku hizo nne mzee alikuja kazini kwa wakati, akatufungulia geti, akatuwashia na kutuzimia taa. Chai yetu hakunywa tena. Alikuja na chupa yake.

Siku ya kulipana mishahara ilifika kabla ya usiku wa kumi. Akakatwa 90,000 ya kwanza. Barua niliipeleka kesho yake.

Nimesikia wenzangu kwenye timu wakisema mzee naye alikuwa mtu mzima, angeweza kukataa. Sikubaliani nao. Rudini kwenye ile sentensi ya msimamizi: wasaidie kwa chochote. Mtu aliyeambiwa hivyo na mwajiri wake, mbele ya wageni, hana nafasi ya kukataa saa saba usiku mgeni anapomwita. Tulikuwa tumepewa mamlaka juu yake bila yeye kuulizwa, na tuliyatumia bila hata kujua tunayo. Kosa la usiku wenyewe, naamini, linasameheka. Siku nne zile ndizo zinazonikaa kooni, kwa sababu humo nilikuwa najua.

Daftari

Kabla sijaiandika barua nilimwomba mzee daftari lake nipate saa sawasawa. Tukalifungua juu ya meza ya kibanda, kwa tochi yake.

Ni daftari la kawaida la shule, jalada limefungwa nailoni. Kurasa zimejikunja kwa umande, pembeni kuna alama za vidole vyenye mkaa. Kila ukurasa una safu nne zilizochorwa kwa rula: saa, jina, namba ya gari, anakwenda nyumba gani. Wino unabadilika, bluu, nyeusi, bluu tena, mahali pengine penseli. Ukisoma unaona usiku mzima wa jengo: nani amechelewa, nani ameletwa na bajaji, nani ameleta mgonjwa. Usiku wa sita kulikuwa na hivi, kwa mwandiko wa taratibu wa mtu aliyefundishwa kuandika kwa kalamu ya kuchovya au na mwalimu aliyepitia huko:

"7.40 usiku. Nimeitwa na watu wa picha kusimama kwenye kamera. Geti lina waya. Taa zimezimwa kwa ombi lao."

Kisha: "8.25 usiku. Nimerudi."

Alikuwa ameandika yote. Kile nilichokuwa nakiogopa kukiandika kwa siku nne, yeye alikiandika usiku ule ule, kabla hata hajajua kwamba kuna wizi. Na hakuna aliyelifungua daftari, si msimamizi, si mpangaji, si mimi.

Kwenye filamu tulikuwa na daftari pia, limewekwa kama pambo la meza. Majina yote ndani yake yaliandikwa na mwigizaji mchana mmoja, kwa kalamu moja, kwa mwandiko mmoja, kurasa nyeupe safi. Kwenye skripti mlinzi wetu alilitumia mara moja, alilalia akisinzia. Tuliweka sini ile watazamaji wacheke, kama mlinzi anavyochekwa kwenye filamu zetu nyingi, anayefungua geti gari la tajiri lipite na hadithi iendelee bila yeye. Tulikuwa tumeandika skripti nzima juu ya kazi ya mtu bila kujua kwamba kazi hiyo, kwa sehemu kubwa, ni kuandika. Lile daftari ndilo wakili wake. Mlinzi anaandika ili siku ikitokea shida awepo mtu wa kumsemea.

Yale ambayo sheria inasema

Nilipokuwa naandaa barua nilisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na naona kila prodyuza anayekaa na walinzi usiku aisome. Mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi kwa hasara kwa kutamka tu. Hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake mwenyewe. Aandikiwe sababu, kiasi na namna kilivyokokotolewa. Apewe nafasi ya kupinga. Na makato yote yasizidi robo ya ujira wake. Robo ya 180,000 ni 45,000. Yeye alikatwa 90,000, bila karatasi na bila kusikilizwa.

Si hilo tu. Sheria ileile inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Lindo la saa 12 mara sita ni saa 72. Saa za usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, zinastahili nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya ujira wa msingi kwa kila saa. Mzee hakuwa na mkataba wa maandishi, aliajiriwa kwa mdomo, lakini hata hapo sheria haimwachi: mwajiri asipoonyesha maelezo ya ajira kwa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia yeye mwajiri. Njia ya kudai ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nilimweleza mzee yote haya. Akasikiliza hadi mwisho, akasema yeye hataki kesi na mtu, anataka jina lake. Niliheshimu, ingawa hadi leo naona ana haki kubwa kuliko aliyoidai.

Barua ilikuwa ukurasa mmoja. Niliandika saa kama zilivyo kwenye daftari, nikaandika waya, nikaandika taa, nikaandika "mimi ndiye niliyemwita". Nakala tatu: ya msimamizi, ya mpangaji, ya mzee. Msimamizi alikasirika, tena kwa haki, akatuambia tusikanyage tena pale. Fedha za vioo tulimlipa mpangaji mkononi, 360,000, kwa hati ya kupokea, na 90,000 iliyokwisha kukatwa tukamrudishia mzee, naye akasaini kwenye daftari lake. Fedha hizo zilikuwa za mhariri na muziki. Filamu ikakaa miezi miwili bila kuguswa. Mzee aliendelea na lindo pale hadi mwisho wa Septemba, kisha akapata pengine, karibu na kwao. Alinipigia kunijulisha kwamba ile barua ameikunja na kuiweka ndani ya jalada la daftari jipya.

Kwa kazi iliyofuata nimebadilisha mambo machache ya kawaida sana. Mlinzi wa eneo analipwa na sisi posho ya kila usiku kwa maandishi, na mkataba wetu na mwenye jengo unasema wazi kwamba haruhusiwi kutoka lindoni kwa ombi la mtu yeyote wa timu. Usiku wote kuna mlinzi wa pili, tunayemlipa sisi, kazi yake ni geti tu. Waya haupiti getini. Unapita juu ya ukuta au tunanunua betri zaidi na kuzihifadhi ndani ya koti zisipoe. Kamera ikifika kutoka ilikotoka, kabla ya lolote, tunaangalia fremu na shata. Gharama ya yote hayo kwa usiku kumi haifiki bei ya vile vioo.

Kuna kitu kimoja tulikigundua wakati wa kuhariri, na hiki ndicho kilichoifanya filamu iwe ilivyo.

Usiku ule, wakati taa zinapangwa, kijana wa sauti aliacha kinasa sauti kikiendelea karibu na kibanda. Alitaka ukimya wa mahali, ile sauti tupu ambayo mhariri anaitandika chini ya mazungumzo. Mhariri alipoisikiliza kwa hedifoni akaniita. Unasikia mkaa ukipasuka. Unasikia lori likipunguza mwendo mbali, kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma. Unanisikia mimi kwa mbali nikisema "kidogo kushoto, mzee". Halafu, karibu zaidi, plastiki inapasuka, kimya, na baada ya muda plastiki inapasuka tena. Faili ina saa yake. Ilikuwa saa 8 na dakika 4 usiku. Mzee alikuwa kwenye alama.

Mhariri alitaka sauti hiyo iingie kwenye filamu. Nilisema hatuigusi hadi mwenyewe aulizwe. Tukasafiri hadi kwao, tukamvalisha hedifoni sebuleni, mkewe amekaa pembeni. Alisikiliza mara mbili, amefumba macho. Mara ya pili, lile pasuko la kwanza lilipofika, aliinua kichwa ghafla na mkono wake wa kulia ukaenda chini kando ya kiti, mahali ambapo tochi hukaa.

Akavua hedifoni. "Itumieni," akasema. "Ila huyo mlinzi wenu awe amekaa kibandani kwake. Asikie. Atoke."

Tuliomba jengo jingine, Iyunga, tukashuti tena usiku mmoja. Ile sini ya kusinzia tukaitupa. Sasa mwigizaji anaandika kwenye daftari, glavu zimekatwa ncha za vidole kama mzee alivyomwonyesha, na sauti ile, yenyewe halisi, inafika. Anainua kichwa. Mkono unashuka kwenye tochi. Anaandika saa kwanza, kisha anatoka.